Spika za nyuma kimya, maneno hayasikiki: je, ninunue risiva yenye wati nyingi zaidi?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nina risiva ya 5.1, amplifaya ya sinema ya nyumbani, na spika zake zote: mbili za mbele, moja ya katikati, mbili za nyuma na sabufa. Kisanduku cha filamu za intaneti nimekichomeka kwenye runinga, na runinga nimeiunganisha na risiva kwa kebo moja ya HDMI. Mashine ya diski za Blu-ray imechomekwa kwenye risiva yenyewe. Nikitazama filamu za intaneti, spika za nyuma ziko kimya na sabufa ni kama haipo. Nikiweka diski, sabufa inanguruma mpaka madirisha yanatetemeka. Kote kuwili maneno ya waigizaji hayasikiki vizuri, na nikiongeza sauti milipuko inanipasua masikio. Upimaji wa maiki, ule ambao risiva husikiliza spika kwa maikrofoni na kujipanga yenyewe, nilishaufanya. Je, nitafute risiva yenye wati nyingi zaidi?

Jibu: Hapana, usinunue kitu bado. Katika maelezo yako kuna dalili moja inayozidi zote kwa uzito, nayo ni kwamba diski inasikika tofauti na intaneti. Spika ni zilezile, chumba ni kilekile, wati ni zilezile. Kilichobadilika ni njia ambayo sauti imepita kabla ya kuifikia risiva. Kwa hiyo tuanze na njia hiyo. Mipangilio ya spika itafuata, maana hakuna mpangilio wowote unaoweza kurudisha chaneli ambazo hazikufika.

Cheza filamu ya intaneti, kisha bonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti ya risiva, ambacho huandikwa “Info” au “Status”. Risiva itakuonyesha inachopokea, ama kwenye kioo chake cha mbele au kwenye skrini ya runinga. Nina hakika utasoma “PCM 2.0” au “PCM Stereo”, yaani sauti iliyokwisha kufumbuliwa, ya chaneli mbili tu. Rudia kwa diski, nawe utaona “Dolby Digital”, “Dolby TrueHD” au “DTS-HD”, ambayo ni majina ya mifumo ya sauti ya chaneli nyingi, pamoja na alama za chaneli zote: L, C, R, SL, SR na LFE (kushoto, katikati, kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia na besi ya sabufa). Tofauti ya mistari hiyo miwili ndiyo nusu ya tatizo lako. Filamu ya intaneti inaondoka ikiwa na chaneli sita, runinga inazifinya kuwa mbili, na risiva inaletewa mabaki.

Runinga nyingi hufanya hivyo kwa sababu mpangilio wa sauti ya kidijitali umewekwa “PCM”. Ingia kwenye menyu ya sauti ya runinga, tafuta sehemu ya “Digital Audio Output”, uchague “Auto”, “Bitstream” au “Pass Through”, kulingana na runinga yako inavyoandika. Hakikisha pia kwamba kebo imeingia kwenye tundu la HDMI lililoandikwa ARC au eARC pande zote mbili, kwa kuwa hilo ndilo linalorudisha sauti ya runinga kwenye risiva, na matundu mengine ya runinga hayairudishi. Kisha washa ule mfumo unaoziwezesha runinga na risiva kuamrishana. Jina lake rasmi ni CEC, lakini Samsung huuita Anynet+, LG huuita Simplink na Sony huuita Bravia Sync. ARC mara nyingi haifanyi kazi CEC ikiwa imezimwa.

Mimi hata hivyo ningekitoa kabisa kisanduku kwenye runinga na kukichomeka kwenye risiva, kama ulivyofanya kwa mashine ya diski. Runinga ni mpatanishi asiyehitajika katika safari ya sauti, na kila mpatanishi ana mipangilio yake ya kuharibu mambo. Picha itapita ndani ya risiva na kutokea kwenye tundu la HDMI OUT kwenda kwenye runinga. Kuna jambo moja la kuangalia kwanza: risiva ya zamani huenda haipitishi picha ya 4K (yenye nukta nyingi zaidi) iliyo na HDR (mwangaza na rangi pana zaidi). Na hata inayopitisha, mara nyingi kila tundu la kuingizia lina mpangilio wake kwenye menyu, “Standard” au “Enhanced”, na ukiliacha kwenye “Standard” picha inashushwa hadhi. Ikiwa risiva yako haina uwezo huo kabisa, acha kisanduku kwenye runinga na utumie ARC kama nilivyoeleza hapo juu.

Hutapoteza mengi kwa kufanya hivyo. ARC, iliyokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, haina nafasi ya kupitisha sauti isiyopunguzwa ya diski kama Dolby TrueHD au DTS-HD Master Audio. Hiyo inahitaji eARC, toleo lake lililoboreshwa, iliyoletwa na HDMI 2.1. Lakini filamu za intaneti kwa kawaida hutumia Dolby Digital Plus, na hiyo hupita kwenye ARC ya kawaida bila shida. Jihadhari tu na DTS, kwa sababu baadhi ya runinga huizuia hata kama risiva yako inaifahamu.

Ukishabadilisha, soma tena kioo cha risiva. Usishtuke ukiona neno PCM limebaki, kwani vipo visanduku vinavyofumbua sauti vyenyewe na kuituma kama PCM ya chaneli nyingi. Unachotazama ni idadi ya chaneli. Zikiwa bado mbili, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya kisanduku, kisha angalia orodha ya lugha ndani ya filamu yenyewe. Ni kawaida sauti ya lugha ya asili kuwa na 5.1 na ile iliyotafsiriwa kuwa na stereo tu, na hapo hakuna kosa lolote upande wako.

Sasa kuhusu sabufa, ambayo inakuchanganya kwa sababu ina vyanzo viwili vya kazi. Chanzo cha kwanza ni ile “.1” katika 5.1, yaani LFE, chaneli iliyotengwa kwa mngurumo wa hadi hezi 120 (mitetemo 120 kwa sekunde), ambayo watengenezaji wa filamu huiwekea milipuko na tetemeko. Chaneli 5.1 zinapofinywa kuwa mbili, LFE mara nyingi hutupwa kabisa. Chanzo cha pili ni besi ya spika nyingine: risiva inaweza kuchota masafa ya chini ya spika ndogo na kuyapeleka kwa sabufa. Lakini itafanya hivyo tu ikiwa spika hizo zimeandikwa “Small” kwenye menyu. Zikiandikwa “Large”, risiva inaamini zina uwezo wa kubeba besi yote peke yake, hivyo inaziachia.

Kwako, basi, LFE ilitupwa na runinga, na nadhani upimaji wa maiki uliziandika spika zako za mbele “Large”, jambo ambalo hutokea mara nyingi hata kwa spika zisizostahili. Sabufa ikakosa kazi kutoka pande zote mbili. Ukiweka diski, LFE inarudi, na sabufa inaamka ghafla kwa nguvu ambayo hukuwahi kuipima masikioni.

Ingia kwenye menyu ya spika, zote ziandike “Small”, na mpaka wa masafa, yaani pale spika zinapoiachia sabufa besi, uuweke hezi 80. Najua neno “Small” linaudhi kwa mtu aliyenunua spika ndefu za kusimama sakafuni. Halina maana ya kuzidharau. Besi ndiyo inayonyonya nguvu nyingi kuliko sauti nyingine zote, na sabufa yako ina amplifaya yake ndani. Ukiihamishia mzigo huo, amplifaya za risiva zinabaki na kazi nyepesi na sauti ya juu inakuwa safi zaidi. Ikiwa maiki iliona spika za nyuma ni ndogo na ikazipa mpaka wa hezi 100 au 120, usiushushe. Kuupandisha mpaka hakuna madhara. Kuushusha kunailazimisha spika kucheza masafa ambayo tayari ilionekana haiyawezi.

Upimaji wenyewe ningependa uurudie, kwa sababu watu wengi huufanya kwa haraka, iwe mfumo unaitwa Audyssey, YPAO, MCACC au Dirac. Maiki isishikwe mkononi wala kulazwa juu ya mto wa kochi. Iweke kwenye stendi ya kamera, kimo cha masikio yako ukiwa umeketi, mbali kidogo na mgongo wa kochi ili isipokee mwangwi unaotoka humo. Zima feni, kiyoyozi na kila kinachovuma, kisha toka nje au simama kando bila kuongea. Kipimo cha kwanza kiwe mahali unapoketi wewe, kwa kuwa umbali na viwango huhesabiwa kutoka hapo. Mahali pengine husaidia kusawazisha mwitiko wa chumba tu.

Kabla ya kupima, geuka nyuma ya sabufa. Waya wake wa RCA uingie kwenye tundu la LFE kama lipo. Kirungu cha masafa kizungushwe mpaka mwisho wa juu, kwa sababu kazi ya kukata masafa sasa ni ya risiva, na kukata mara mbili huacha pengo kati ya sabufa na spika nyingine. Kirungu cha sauti kiwe nusu, na fezi, swichi au kirungu kilichoandikwa “Phase”, iwe sifuri. Kipimo kikiisha, angalia kiwango cha sabufa kwenye menyu. Ukikikuta kimegota mwisho wa chini, ambao kwenye risiva nyingi ni desibeli −12 au −10, ujue risiva ilitamani kuishusha zaidi ikashindwa. Punguza kirungu cha nyuma, upime tena. Sitashangaa kama hilo ndilo linalotetemesha madirisha yako.

Ukaguzi wa matokeo una mambo mawili yanayowasumbua watu. Umbali wa sabufa unaweza kuandikwa mita 5 ilhali iko mita 3 tu kutoka kwako. Usiusahihishe. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, hivyo kila mita ni karibu milisekunde 3, na risiva hupima muda kisha ikauandika kama umbali. Saketi za ndani ya sabufa huchelewesha sauti kidogo, na ucheleweshaji huo ndio unaoonekana kama mita za ziada. La pili ni onyo kwamba spika fulani ina fezi iliyogeuka, yaani huenda waya zake zimebadilishana. Hapo zima risiva, chomoa plagi, uangalie waya: nyekundu iende kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi pande zote mbili. Zikiwa sawa, endelea tu, maana zipo spika ambazo muundo wake huudanganya upimaji. Ukiwa huko nyuma, hakikisha pia hakuna unywele wa shaba uliochomoza na kugusa tundu la jirani. Unywele mmoja unatosha kuifanya risiva ijizime kujilinda.

Na kama risiva yako ina matundu ya chaneli saba, spika zako za nyuma ziingie kwenye “Surround”, wala si “Surround Back”. Jina linapotosha: mtu husoma “Back”, akaona spika zake ziko nyuma, akachomeka humo, na akakaa miezi akisikia kimya.

Mahali pa spika hapahitaji hotuba ndefu. Mbili za mbele ziwe nyuzi 22 hadi 30 kila upande ukihesabu kutoka unapotazama. Zile unazoziita za nyuma hazipaswi kuwa nyuma yako kabisa. Katika mpango wa 5.1 hukaa ubavuni na kurudi nyuma kidogo, nyuzi 100 hadi 120, kimo cha masikio au juu yake kidogo. Sabufa ndiyo yenye ukaidi. Chumba chenye urefu wa mita 5 kina mvumo wake wa asili karibu na hezi 34, na kulingana na mahali ulipoketi, mvumo huo utavimba au utatoweka. Kona huongeza besi kuliko mahali pengine popote, mara nyingi kupita kiasi. Njia ya kuaminika ni hii: iweke sabufa mahali unapoketi, cheza wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, kisha wewe utembee kwa magoti kando ya kuta ukisikiliza karibu na sakafu. Pale ambapo kila noti inasikika kwa nguvu inayolingana, ndipo pa kuiweka. Wanaokutazama watacheka, waache wacheke.

Tuje kwenye maneno, ambayo naamini ndiyo yaliyokufanya uandike. Katika filamu za 5.1 karibu mazungumzo yote hupita kwenye spika ya katikati. Runinga ilipokuwa ikituma stereo, spika hiyo ilikaa bila kazi, na maneno yakagawanywa kwa spika mbili za pembeni zikiwa pia zimebeba muziki na kelele. Hilo limeshatibiwa kwa kebo. Lakini unalalamikia diski pia, kwa hiyo tazama spika ya katikati imewekwaje. Ikiwa imesukumwa ndani ya kabati, sauti inagonga ubao kabla ya kukufikia. Ivute mpaka ukingo wa mbele, na kama iko chini ya kimo cha masikio, iinue pua yake ikutazame usoni. Baada ya hapo pandisha kiwango chake kwenye menyu kwa desibeli 2 au 3 juu ya kilichoandikwa na upimaji wa maiki. Wako wanaosema hiyo ni kuiasi kazi ya msanii. Mimi nasema filamu isiyosikika maneno haijatazamwa.

Sehemu iliyobaki ya tatizo ni tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa. Filamu ya sinema hutengenezwa ikiwa na nafasi kubwa ya kupanda: chaneli moja inaruhusiwa kufika desibeli 105, na LFE desibeli 115. Kwenye risiva nyingi, ukishapima kwa maiki, namba 0 ya sauti ndiyo inayolingana na kiwango hicho cha ukumbi wa sinema. Nyumbani hatuvumilii, tunasikiliza −20 au −25, na mazungumzo yanashuka pamoja na milipuko mpaka yanamezwa na mlio wa feni. Tiba ipo ndani ya risiva yako: mpangilio wa kubana tofauti hiyo, unaoitwa “Dynamic Range”, “DRC” au “Night Mode”. Jaribu kiwango cha kati kwanza. Milipuko itapungua ukali, minong'ono itapanda, nawe utaacha kushika rimoti filamu nzima. Usiku watu wakiwa wamelala, tumia kiwango cha juu bila kuona haya.

Utakutana pia na orodha ndefu ya namna za kusikiliza, zenye majina kama “Hall”, “Stadium” na “Jazz Club”. Zipuuze, huongeza mwangwi ambao hakuna aliyeurekodi. Chanzo kikiwa na chaneli 5.1, chagua “Straight” au jina la mfumo wenyewe. Kikiwa cha stereo, kama taarifa ya habari au vipindi vya zamani, chagua “Dolby Surround”, au “Pro Logic II” kwenye risiva za zamani. Hizo huchambua stereo na kupeleka mazungumzo katikati na mandhari nyuma, kwa ustadi unaostahili sifa. Na ujue kwamba hata filamu ya 5.1 halisi huziacha spika za nyuma kimya kwa dakika nyingi. Mvua, umati wa watu, helikopta ikipita: hapo ndipo uzipime. Watu wawili wakiongea mezani, ukimya wa spika hizo ni wa haki.

Ukiona midomo na maneno havilingani, kumbuka kwamba risiva inaweza kuchelewesha sauti tu, haiwezi kuiwahisha. Sauti ikitangulia picha, ongeza milisekunde kwenye “Lip Sync”. Ikichelewa nyuma ya picha, irudishe “Lip Sync” kwenye sifuri, kisha tafuta kinachoichelewesha sauti, ambacho mara nyingi ni runinga inayoituma kwa ARC. Hiyo ni sababu nyingine ya kukihamisha kisanduku.

Sasa wati. Kuongeza wati mara mbili, kutoka 50 hadi 100, kunakupa desibeli 3, mabadiliko ambayo sikio huyatambua lakini halishangazwi nayo. Ili sauti ionekane imekuwa mara mbili unahitaji takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi. Namba iliyoandikwa kwenye boksi nayo si ya kuiamini haraka: mara nyingi ni ya chaneli moja, katika hezi 1,000, huku upotoshaji ukiruhusiwa kufika asilimia 10. Namba ya maana ni ile inayosema chaneli mbili kwa pamoja, hezi 20 hadi 20,000, kwa upotoshaji mdogo, na hiyo huwa ya chini zaidi. Risiva yako inatosha, mradi uiachie nafasi ya kupumua juu na pembeni, na usiiwekee kisanduku kingine mgongoni.

Kama baada ya haya yote bado una fedha zinazowasha mfukoni, zitumie kwa spika ya katikati iliyo bora, ya kampuni na mfululizo uleule wa spika zako za mbele ili sauti isibadilike rangi inapohama upande mmoja kwenda mwingine. Ikiwa hiyo tayari unayo, basi sabufa ya pili, iwekwe upande mwingine wa chumba: viti vyote vitapata besi inayokaribiana, jambo ambalo sabufa moja, hata ya bei kubwa, hushindwa kulifanya.